Kukarabati Kombi ya Kulala Ndani Ukiwa Mtwara au Lindi: Mwongozo Kamili wa Kuanzia Chini

Ukinunua kombi ya zamani huku Kusini, wa kwanza kukushauri atakuambia habari za rangi, mapazia na redio. Mshukuru, kisha tandika turubai uingie chini ya gari na tochi. Ukianza juu, kila ulichokifanya kitabomolewa siku utakapogundua kuwa sakafu imeoza. Mpangilio ninaousimamia mimi ni huu: bodi isioze, mafuta yasiwake, gari lisimame, injini ipumue, halafu ndipo tuzungumzie kitanda na friji.

Ninaposema kombi nina maana ya Volkswagen ile yenye kioo kimoja kikubwa cha mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, huku Brazili ikiendelea kuitoa mpaka mwisho wa 2013. Maelezo ya injini hapa ni ya ile ya 1600 inayokaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Kombi za Brazili za kuanzia mwishoni mwa 2005 zina rejeta, kwa hiyo ukiwa nayo ruka sehemu hiyo. Mwenye Hiace kuukuu naye asome tu. Kutu, umeme na mambo ya ndani havichagui jina la gari.

Kabla ya kushika spana

Chagua msimu. Kazi ya bodi na rangi ifanye kati ya Juni na Oktoba, hewa ikiwa kavu kidogo. Mvua zikishaanza, chuma ulichokisugua asubuhi kikang'aa, jioni kimeshabadilika rangi. Halafu msimu wa korosho ukifika na pesa ikaanza kuzunguka, gereji zinajaa pikipiki na Fuso, na gari lako la starehe linasogezwa kila siku nyuma ya foleni.

Spea nyingi za injini ya 1600 bado zinatengenezwa mpya, lakini usitarajie kuzikuta kwenye rafu za maduka ya Mtwara mjini. Andika orodha moja ndefu, mpe mtu wa Dar anayeijua Gerezani na Kariakoo, mzigo uje kwa basi. Kuagiza kimoja kimoja kutakula nauli za vifurushi kuliko bei ya spea zenyewe. Kwa uchomeleaji na uchongaji wa vyuma huna haja ya kwenda mbali: VETA wana vyuo Mtwara na Lindi, na vijana waliopita pale wanashika mashine vizuri. Cha kuwafundisha ni uvumilivu wa bati jembamba tu.

Jambo la usalama ambalo sitalirudia: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililopandishwa kwenye matofali. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Tumia stendi za chuma, au vipande vinene vya mti mgumu vilivyopangwa kwa kupishana.

Hatua ya kwanza: kutu

Gari lililoishi Shangani au Mikindani halikuoza kwa sababu ya uzee. Chumvi ya baharini inaruka na upepo, inatua kwenye bati, na usiku inavuta unyevu wa hewa. Bati hubaki bichi hata siku isiyo na mvua. Ukiongeza mchanga wa Msimbati uliojificha ndani ya madigadi, una kiwanda cha kutu kinachofanya kazi saa 24.

Ukaguzi unahitaji vitu vitatu: sumaku ndogo, nyundo nyepesi na bisibisi kuukuu. Pitisha sumaku ubavuni, kuanzia usawa wa magurudumu kushuka. Inaposhika vizuri kuna bati. Inapoteleza kuna puti, na nyuma ya puti mara nyingi hakuna kitu. Gonga kwa nyundo usikilize: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya kufa. Kisha chomeka bisibisi kwa nguvu za mkono mahali hapa: pembe za chini za kioo cha mbele, treyi ya betri kule nyuma kwenye chumba cha injini, ndani ya madigadi, sehemu za kuwekea jeki, na vizingiti vya chini ya milango. Vizingiti ndivyo vinavyodanganya watu. Vina matabaka ya bati, la nje, la kati na la ndani, na la nje linaweza kuwa na rangi nzuri ya kupigia picha wakati la kati limeshakuwa unga.

Ng'oa zulia na mbao zote za sakafuni. Muuzaji akisema si lazima, basi ni lazima.

Sasa ukarabati wenyewe. Kutu ya juu juu, isiyotoboa, isugue kwa brashi ya waya kwenye grainda mpaka bati liwe jeupe, pangusa kwa tina, na upake redioksaidi au praima ya zinki siku hiyohiyo. Usiache ilale usiku bila praima. Kutu iliyotoboa haina dawa ya kupaka. Kata kwa diski ya kukatia mpaka ufike kwenye bati lisilo na doa, hata kama tundu la ukubwa wa shilingi litageuka kuwa tundu la ukubwa wa sahani. Kipande cha kuzibia kiwe cha bati la milimita 1 hadi 1.2, kikatwe kwa kufuata umbo, si kubandikwa juu ya ubovu. Fundi achomelee kwa nukta, moja hapa, nyingine mbali, akiacha bati lipoe katikati. Akivuta mstari mmoja mrefu, joto litalikunja bati, na utanunua kopo la puti kufunika mawimbi.

Kabla hajawasha mashine: ondoa nyaya za betri, toa povu na vitambaa vyote vilivyo karibu, weka ndoo ya mchanga na kizima moto pembeni. Tangi la mafuta la kombi limekaa mbele ya chumba cha injini, nyuma ya ukuta wa bati, na kulitoa kunahitaji injini ishuke kwanza. Ndiyo, ni usumbufu. Uchomeleaji wowote wa eneo lile bila kulitoa tangi ni kucheza na roho za watu.

Kuna desturi ya kumwagia oili chafu chini ya gari lote. Inasaidia chuma kwa muda, lakini inalainisha na kuvimbisha raba za kusimamia na bushi, na ikidondokea breki umejitafutia mengine. Nafuu ni nta ya kupuliza ndani ya mabomba ya chasisi na vizingiti, kupitia matundu yaleyale ya kutolea maji. Ukikosa, grisi iliyolainishwa kwa tapentaini inafanya kazi. Iache ikauke siku kadhaa mbali na moto. Hakikisha matundu ya maji chini ya milango na vizingiti yako wazi. Mengi nimeyakuta yamezibwa na rangi na mtu aliyedhani anaziba uvujaji.

Raba ya kioo cha mbele ikiwa imekakamaa, badilisha. Silikoni ya dukani inayopakwa juu yake inakamata maji ndani badala ya kuyazuia nje.

Ukibadili rangi ya gari, shughulikia pia kadi ya gari TRA, isije trafiki wa Mingoyo akakusomea kadi inayosema bluu mbele ya gari la njano.

Hatua ya pili: mafuta na moto

Kombi nyingi duniani zimeungua kwa kosa la mpira wa mafuta wa bei ya soda. Mpira umepita juu ya injini ya moto, unakauka, unapasuka nyufa ndogo kama nywele, petroli inadondokea distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Kwa gari lililosimama miaka kadhaa kwenye joto la pwani, usipoteze muda kuukagua: ng'oa yote, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, pamoja na ile mifupi ya hewa ya tangi isiyoonekana. Weka mipya ya petroli, kipenyo cha ndani kama milimita 5, kila ncha na klipu yake.

Chujio la plastiki linalowekwa juu kati ya pampu na kabureta liondoe pale. Uzito wake unavuta mpira, na joto linaliharibu. Mahali pake ni chini, kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini.

Halafu shika kwa koleo kile kibomba cha shaba nyeupe kinachoingiza petroli kwenye kabureta, ukizungushe taratibu. Kiwandani kiliingizwa kwa kubanwa tu. Kikizunguka au kutoka, siku moja kitatoka gari likiwa barabarani na pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini. Kabureta ifunguliwe, kibomba kikazwe upya, na kifungwe kwa waya mwembamba kisirudi nyuma.

Kizima moto kiwe cha unga mkavu, na kikae karibu na dereva. Kikiwekwa nyuma, moto ukitokea utakiangalia tu. Kasha la injini hizi limetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu. Likishika moto, maji huuchochea. Ndoo ya maji ya msamaria mwema ikataliwe kwa adabu.

Hatua ya tatu: breki na matairi

Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha kugawia mikoa mingine. Mafuta yaliyolowa huchemka mapema kwenye mteremko, pedo ikashuka mpaka sakafuni. Humohumo ndani yanalisha kutu mabomba na silinda. Kama hujui yalibadilishwa lini, yatoe yote.

Kagua mabomba ya chuma kwa urefu wake wote, hasa yanapopita kwenye vishikizo, maana hapo ndipo maji ya chumvi yanapokaa. Yaliyochubuka badilisha kwa mabomba ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo hayashiki kutu. Mipira ya breki ya magurudumuni inaweza kuwa mizima kwa nje huku ndani imevimba: breki inashika, ukiachia pedo gurudumu linabaki limebanwa. Kuna watu wamebadilisha silinda na brekishuu mara mbili kabla ya kushuku mpira.

Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari lenye usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Msaidizi akanyage na kushikilia, wewe fungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu, funga kabla hajaachia. Kopo la mafuta lisikauke hata mara moja, ama mnaanza upya. Drami za nyuma zikaze kwa kizungushio chenye meno kupitia tundu lake mpaka gurudumu liguse kidogo, kisha rudisha meno machache.

Ile nati kubwa ya ekseli ya nyuma hukazwa kwa nguvu nyingi sana, kwa bomba refu kwenye spana, na ni lazima irudishiwe pini yake mpya. Kombi iliyopoteza gurudumu la nyuma kawaida ilikazwa "kwa kukadiria".

Matairi: 185R14 ya kubebea mzigo, ile yenye herufi C, siyo ya gari dogo hata kama inaingia. Upepo mbele kama psi 30 na nyuma kama 40, kwa sababu injini, tangi na mizigo yote imekaa nyuma. Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi ni mapambo.

Hatua ya nne: injini ipumue

Injini hii haina maji. Inapozwa na feni na oili, basi. Kila kibati kilichoizunguka kina kazi ya kupeleka upepo kwenye silinda na kuzuia hewa ya moto ya chini isirudi juu. Mafundi wengi waliozoea magari ya rejeta huviona kama takataka wakavitoa ili "ipate hewa". Ikipata hewa ya namna hiyo, itakufa kabla ya kufika Kilwa. Rudisha vibati vyote. Kagua mpira mrefu unaoziba nafasi kati ya injini na bodi. Ukitazama kutoka juu ndani ya chumba cha injini, usione ardhi popote. Fungua nyumba ya feni: panya wa ghalani wanapenda kujenga humo, na majani makavu yanajazana kwenye kipozea oili. Kwa injini za kabla ya 1971 kipozea hicho kinakinga upepo wa silinda namba 3, ndiyo maana ndiyo inayotangulia kuungua.

Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa dole gumba uingie ndani kama milimita 15. Hauna kikazio cha kuvuta. Unakazwa kwa kuhamisha washa nyembamba zilizo kati ya nusu mbili za puli. Washa zinazobaki zifunge palepale nje ya puli, zisipotee.

Oili ni lita 2.5 tu, kidogo kuliko ya magari mengi, na inafanya kazi ya maji na ya oili. Kwa joto letu 20W-50 inafaa. Badilisha kila kilomita 5,000, na kama unapita sana vumbi la Nachingwea au Ruangwa, fanya 3,000. Hakuna filta ya kutupa. Kuna chujio la waya chini, linalooshwa kwa petroli na kurudishwa na gasketi mpya. Ukikuta humo vumbi la shaba linalong'aa, simama, beringi zinaaga.

Kurekebisha tapeti, yaani mwanya wa valvu, ndiyo kazi ambayo kila mwenye kombi anapaswa kuijua kwa mikono yake. Haihitaji nguvu, inahitaji asubuhi tulivu.

1. Injini iwe imelala usiku kucha, baridi kabisa. Gia huru, kabari kwenye magurudumu. Toa plagi zote nne ili izunguke kirahisi, na uzisome: rangi ya kahawa nyepesi ni afya, masizi meusi ni petroli nyingi, weupe wa chokaa ni joto kupita kiasi.

2. Safisha kwanza uchafu unaozunguka vifuniko vya tapeti, kisha sukuma ule waya wa kubania kwa bisibisi kuelekea chini. Weka karai, oili kidogo itamwagika.

3. Tafuta silinda namba 1: ni ya kulia, upande wa kuelekea mbele ya gari. Zungusha boliti ya puli ya kranki kwa spana namba 30 mpaka alama ya juu ya puli ilingane na mstari unaogawa kasha la injini, na rota ya distributa itazame ule mkwaruzo kwenye ukingo wa distributa. Rota ikitazama upande wa pili, zungusha puli mzunguko mmoja mzima.

4. Pitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.15 kati ya skrubu na ncha ya valvu. Iteleze kwa kukwaruza kidogo, isipwaye wala isikwame. Kama sivyo, legeza loknati, rekebisha skrubu kwa bisibisi, ishikilie hapohapo huku unakaza loknati, kisha pima tena. Kukaza loknati mara nyingi huvuta skrubu, kwa hiyo kipimo cha pili ndicho cha kweli.

5. Zungusha puli kinyume cha mshale wa saa nusu mzunguko. Rota itasogea robo. Sasa uko silinda ya 2, iliyo nyuma ya ya kwanza. Nusu nyingine ni ya 3, mbele kushoto. Nusu nyingine ni ya 4. Tia nukta ya rangi upande wa pili wa puli ili nusu mzunguko uione badala ya kuikisia.

6. Gasketi mpya za koki, uso msafi, rudisha vifuniko. Washa, chungulia uvujaji.

Tapeti zinazolia kidogo ni nafuu kuliko zilizo kimya kwa kubana. Valvu ya ekzosi iliyobanwa haifungi sawasawa, haipati nafasi ya kupoa, na mwisho huungua au kukatika kichwa ndani ya silinda. Kombi za baadaye zenye injini ya 1700, 1800 au 2000 zina vipimo vyao; usizilazimishie hivi.

Pointi, vile vidole vya kukata umeme ndani ya distributa, ziwe na mwanya wa milimita 0.4, plagi 0.6 hadi 0.7, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2. Ukiwa na pesa kidogo ya kuboresha, kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya pointi ndani ya distributa ni ununuzi mzuri. Pointi na kondensa za zamani zifunge kwenye mfuko uzitunze garini, kwa sababu kifaa kile kikifa Nangurukuru usiku hakuna wa kukitengeneza, ila pointi kila fundi pikipiki mzee anazijua.

Hatua ya tano: umeme wa kulalia

Betri ya kuwashia gari usiiguse. Weka ya pili kwa ajili ya taa, feni na friji, na kabla ya kununua chochote piga hesabu kwenye karatasi. Friji ndogo ya kompresa ya wati 45 inayofanya kazi nusu ya muda inakula wati-saa 540 kwa siku. Feni ya wati 20 kwa saa 8 za usiku ni 160. Taa nne za LED za wati 3 kwa saa 4 ni 48. Simu weka 30. Jumla ni kama 780. Paneli ya wati 200, kwa saa 5 za jua kali na baada ya kutoa theluthi ya upotevu, inakupa kama 670 hivi. Inakaribia, na siku unazoendesha friji inapumzika. Paneli ya wati 100 haitoshi friji, atakachokuambia muuzaji chochote.

Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 (ampia-saa) itumie nusu tu, yaani wati-saa 600. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa kama 1,000 kwa usalama, ni nyepesi, bei ni kali. Yoyote utakayochagua, isikae chumba cha injini: lithiamu haipendi joto lile. Ya risasi nayo inatoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo iwe ndani ya boksi lenye mpira wa kutolea hewa nje.

Kufunga: fyuzi kwanza, karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Waya usio na fyuzi unaopita kwenye bati lenye makali ni njia nyingine ya kuchoma kombi. Kila tundu la bati unalopitishia waya livikwe raba. Kwa friji iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, tumia waya wa milimita za mraba 6. Ule wa 2.5 wa kufungia soketi za nyumbani utapoteza volti nyingi njiani, na friji itazima ikidai betri imekwisha wakati imejaa. Chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli kwenda kwenye betri, iunganishe na betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kutoa, paneli kwanza.

Kombi za mapema zina dainamo dhaifu badala ya alteneta. Hizo ziachie sola peke yake. Zenye alteneta unaweza kuunganisha betri mbili kwa rilei, yaani swichi ya umeme, inayojifunga injini ikiwaka na kujiachia ikizimwa.

Paneli ngumu ya kioo ndiyo ninayoipendekeza kuliko ile laini ya kubandika. Iache nafasi ya vidole viwili vitatu juu ya paa ili upepo upite: paneli ikipoa inazalisha zaidi, na wewe uliye chini unapata kivuli juu ya paa bure. Kama paa lako ni la kuinuka, pima uzito kwanza na ubadilishe springi zake.

Hatua ya sita: ndani

Hapa kila mtu ana macho yake, nitasema machache. Huna haja ya kuzuia baridi, una haja ya kuzuia jua: bandika povu lisilonyonya maji kwenye paa na juu ya mbavu, lakini chini ya usawa wa madirisha acha bati lipumue. Povu la godoro nyuma ya mbao hunyonya jasho la usiku na kurudisha kutu uliyoilipia kuitoa.

Makabati yawe ya plaiwudi ya majini ya milimita 12. Mninga tunao huku Kusini na ni mzuri ajabu, ila ni mzito. Utumie kwenye kingo na meza tu, kombi ya 1600 itakushukuru kwenye vilima. Kiti kinachokunjuka kuwa kitanda, kama abiria watakikalia, kifungwe kwa boliti zinazopenya sakafu na kukutana na mabamba ya chuma chini, pamoja na mikanda. Skrubu za mbao haziwezi kumshikilia mtu gari likipinduka. Wavu wa mbu kwenye kila dirisha ni muhimu kuliko friji. Mapazia ya kitenge, sasa ndiyo wakati wake.

Jiko: pika nje. Hali ya hewa inaruhusu karibu mwaka mzima, na mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake unatosha familia. Mwenye kutaka kupika ndani aelewe kwamba gesi ya mtungi siyo ile ya Mnazi Bay au Songo Songo. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka na kujikusanya sakafuni mnapolala. Kabati la mtungi lifungwe kabisa upande wa ndani, na chini yake kuwe na tundu linalotoka nje lisilozibwa na chochote. Viungio vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na jiko lisiachwe likiwaka watu wamelala.

Kuijaribu barabarani

Usianze na Dar. Nenda Mikindani urudi, ukague matone chini na joto la kila drami kwa mgongo wa kiganja: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inabana. Kisha Lindi, kama kilomita 110, bila kupita spidi 80. Simama Mingoyo, zima, chomoa kijiti cha oili na ukishike: ukiweza kukishikilia kwa sekunde chache, joto liko salama, ukikitupa, injini inachemka, rudi kwenye vibati, mkanda na muda wa plagi kutoa cheche. Geji ya joto la oili ni bora zaidi, na ikivuka nyuzi 120 pumzika.

Mtihani wa kweli ni kupanda Newala kutokea upande wa Masasi. Panda kwa gia ya chini injini ikizunguka kwa wepesi, maana feni inazunguka nayo; kung'ang'ania gia ya juu kwa spidi ndogo ndiko kunakopika pistoni. Kushuka, tumia gia ileile uliyopandia, breki ziguse kidogo kidogo.

Garini beba mkanda wa feni, waya wa aksilereta, waya wa klachi, mita moja ya mpira wa mafuta na klipu, fyuzi, oili lita moja, na spana namba 13 mbili. Kwa safari ya Dar wakati wa masika, uliza hali ya barabara kabla ya kutoka. Mei 2024 mafuriko yaliyokuja na Kimbunga Hidaya yaliikata maeneo ya Kilwa na magari yakalala njiani. Hapo ndipo kitanda na friji vinapolipa gharama yake.

Ukirudi kutoka ufukweni Msimbati, osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, ndani ya madigadi na juu ya ekseli, mpaka maji yanayotoka yasiwe na mchanga. Halafu lizungushe gari mtaani ukikanyaga breki mara kadhaa zikauke, kabla hujavuta hendibreki na kulala.